Robo Saa Mbali na Boila

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Naijibu kabla hujaitoa, maana najua ungeanza nayo. Sisi huku ni wazima wa kutembea, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo likiziona ngazi za nyumba hii linagoma. Mjane wa Bwana Mkubwa ameanza kula vizuri na kugombeza watu, kwa hiyo tunajua amepata nafuu. Huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike Bwana Mkubwa, kaka yetu mimi na baba yako, na kiti chake mezani hakijakaliwa na yeyote ila paka. Nimesikia umepandishwa cheo hapo kiwandani kwenu, kwamba mitambo yote ya mvuke inayochemsha maziwa iko chini yako. Hongera sana. Sijui baba yako alizipokeaje habari hizo.

Nakuandikia barua kwa sababu simu za nyumba hii zina masikio. Binamu yako mkubwa, yule tunayemwita Tai kwa kuwa haivui tai hata siku ya mapumziko, ndiye anayeendesha kiwanda chetu cha kufua nguo tangu baba yake afariki. Anataka kiwanja cha kiwanda kiwe cha kwake na ndugu zake, na ombi ameshalipeleka mahakamani. Tatizo ni kwamba marehemu babu yako alikiandikisha kwa majina matatu: Bwana Mkubwa, baba yako na mimi. Bila saini zetu Tai hawezi kukigusa. Yangu ameshaipata. Iliyobaki ni ya baba yako.

Karatasi imo ndani ya bahasha. Kuna mistari michache juu ya ile ajali ya zamani, wakili alisema lazima iwepo. Baba yako asiisome mara mbili mbili. Atie saini, uirudishe kabla ya mwezi wa sita, tupumzike wote.

Mbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi,

Shikamoo, hata kama umeshaijibu. Huku tuko salama. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anatangaza kwamba daktari amemkataza mboga za majani, ingawa hakuna daktari aliyemwona. Baba anaendelea na miche yake. Mwaka huu amepata oda ya shule nzima, basi hatulali tunajaza udongo kwenye vifuko.

Karatasi yako ilifika Jumamosi. Baba aliosha mikono, akaisoma akiwa amesimama, akaniomba kalamu. Shangazi, huyu ni mtu ambaye hawezi kununua koleo bila kuzunguka maduka matatu, na aliomba kalamu papo hapo! Nikamwuliza imeandikwa nini. Akasema, "Ni kweli tupu." Nikainyakua.

"Mimi, kwa uzembe wangu, niliiacha boila bila mwangalizi, nikasababisha kifo cha mfanyakazi, na kwa hiyo natambua kwamba sistahili sehemu yoyote ya kiwanja."

Nina miaka thelathini na mitatu na sikuwahi kusikia neno hata moja la haya. Niliambiwa baba na kaka yake waligombana juu ya mshahara, basi. Nilipopata kazi kiwandani, baba hakusema nami wiki nzima. Nikadhani anaona kazi ya mitambo si ya mwanamke. Kumbe.

Sasa namwuliza, naye anajibu kitu kimoja tu: "Niliondoka. Nilipaswa kukaa." Nikimbana zaidi anakwenda kumwagilia miche ambayo imeshamwagiliwa. Wewe ulikuwepo. Nani alikufa? Ilikuwaje? Karatasi nimeificha chini ya mto wa kiti na naikalia mpaka nipate jibu lako.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Nimecheka sana na meno ya mjukuu wangu. Mwambie hata mimi nimeng'oka la nyuma, ila langu halioti tena. Huku mvua zimeanza na paa la chumba cha kukunjia nguo linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Mjane amenunua mapazia mapya ya rangi ya kahawa. Hakuna aliyempa pole wala hongera.

Aliyekufa alikuwa mchochea moto wa boila. Tulimwita Filimbi kwa sababu alipiga mluzi kazini kutwa, na alipiga vibaya. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo. Boila ilipasuka mchana, ukuta ukamwangukia. Baba yako ndiye aliyekuwa msimamizi wa boila na hakuwepo. Wakaguzi walikuja wakaandika uzembe. Mwezi uleule baba yako akafunga mizigo. Ndiyo hadithi yenyewe, hakuna zaidi.

Mimi nilikuwa chumba cha pasi, nikikunja mashuka.

Mwanangu, mambo haya yana miaka thelathini na minne. Baba yako mwenyewe ameyakubali, sasa wewe unayafukua ya nini? Nimemtumia yeye shuka jozi mbili kwa gari la vifurushi, za pamba nzito, hazichujuki. Karatasi itoe chini ya mto.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Shuka zimefika, baba amezisifu kisha amezifungia kabatini asije akazichafua. Sisi wazima.

Kumtoa baba maneno ni kama kung'oa msumari wenye kutu, lakini nimepata mawili. La kwanza, kabla ya kutoka aliangalia kioo cha kupimia maji ya boila, na maji yalikuwa ya kutosha. La pili, alikuwa nje robo saa tu. Alivuka barabara kwenda duka la dawa, alikokuwa akiuza marehemu mama yangu. Alikwenda kununua nyembe. Mama aliwahi kunichekesha kwamba kuna kijana alinunua nyembe za kunyolea kikosi kizima cha askari wakati kidevu chake kilikuwa laini kama cha mtoto. Hakuniambia kwamba siku moja, kijana akiwa bado kwenye kaunta, vioo vya duka vilitikisika.

Sasa nisikilize kama fundi, si kama mtoto wako. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi. Boila yenye maji haipasuki kwa sababu mtu ameenda dukani. Juu yake kuna vali ya usalama, nawe unaijua: mkono wa chuma wenye uzito mwishoni. Mvuke ukizidi, unauinua ule mkono na kutoka nje kwa kelele. Unatoka wenyewe, hata kama duniani hakuna msimamizi. Baba angeweza kwenda dukani, akarudi, akala, akapiga usingizi, na kitu pekee ambacho kingetokea ni kelele.

Kwa hiyo vali haikufunguka. Nilimwuliza baba kama ilikuwa mbovu, akasema aliisafisha kwa mikono yake Jumatatu ya wiki ile. Basi kulikuwa na kitu kimeizuia. Kwetu mtu akikutwa ameongeza uzito kwenye vali anafukuzwa siku hiyohiyo, na bado kila kiwanda kina mjinga mmoja aliyewahi kujaribu.

Baba hakuwahi kuliwaza hili. Alishajihukumu, akaacha kufikiri. Mimi sijaacha. Nakuuliza swali moja tu, Shangazi: siku ile, kwenye mkono wa vali kulikuwa na nini?

Mwanao


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Wiki saba bila jibu, ndiyo maana hii naituma kwa gari la vifurushi, ikufikie upesi. Posta nimekwenda mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama unaumwa, niambie. Kama huumwi, niambie hilo pia.

Tai amempigia baba simu. Amemwita "baba mdogo" kwa sauti ya asali, akamwambia hakimu anazingoja karatasi. Baba amenigeukia jana mezani na kuniambia nisimfanye mtoto. Ijumaa hii anatia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nimelia, nimefoka, na kununa nimenuna. Ameniambia, "Mwanangu, nimechoka. Nikiweka saini imekwisha." Kiwanja siking'ang'anii, Tai na akijengee bwawa la kuogelea. Lakini baba akiweka saini pale, atakufa akiamini ameua mtu, na mjukuu wako atakuja kuisoma karatasi hiyo siku moja na yeye aamini hivyo.

Sina nguvu ya kumzuia. Wewe unayo.

Mwanao


5 Juni

Mwanangu,

Siumwi. Nilikuwa naogopa. Barua hii nampa dereva wa gari la vifurushi mkononi, nimemwapisha aifikishe Alhamisi. Salamu za nyumbani nitaziruka kwa sababu nyumbani nimeshatoka, utaona mbele kwa nini.

Kwenye mkono wa vali kulikuwa na pasi. Pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma, imetundikwa kwa mpini wake. Niliyeitundika ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vali ikianza kupumua, mvuke ulipungua kwenye mashine za kukaushia, na mashuka ya hospitali yalitakiwa kabla ya saa nane. Bwana Mkubwa ndiye aliyetufundisha sisi wasichana wa pasi: ikianza kulia, muitundikie pasi, mkimaliza fungu moja muitoe. Tulifanya hivyo miezi na miezi. Baba yako hakujua, angetutoa roho. Tulimvizia akitoka. Siku ile alivuka barabara kwenda kwa nyembe zake, vali ikaanza, nikapanda ngazi ndogo nikatundika. Nikiwa palepale juu nilikiona kioo cha maji, kilikuwa kimejaa kupita nusu. Nakiona mpaka leo. Filimbi alikuwa chini anatia makaa, akanitania kwamba nimenenepa, ngazi itavunjika. Nikamzomea. Kisha mteja akaita kaunta, nikashuka kwenda kumhesabia foronya zake. Nikasahau, mwanangu. Nilisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mwavuli. Nilikuwa nimefika foronya ya ishirini na mbili.

Bwana Mkubwa alikuwa wa kwanza kufika kwenye vumbi. Aliiokota pasi, akaifunika na koti lake, akanishika mkono mpaka ukaacha alama. "Hukuona kitu. Ulikuwa unakunja mashuka." Akanieleza kwamba wakaguzi wakiiona pasi, kiwanda kinafungwa, babu yako anakuwa ombaomba, na mimi naenda jela. Msimamizi asiyekuwepo lilikuwa kosa la mtu mmoja tu. Na mtu mwenyewe alikuwa ameshaanza kujilaumu, hakuhitaji hata kusukumwa.

Baada ya hapo alinishika. Nilitaka kuolewa, alikuwepo fundi cherehani mmoja mtaratibu, akaja nyumbani mara mbili. Nilitaka kwenda kujifunza ukatibu. Kila nilipotaka kuondoka, kaka yangu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ile pasi?" Nikabaki. Nimewasimamia wafuaji wake miaka thelathini na minne, watu wakidhani mimi ni dada mwenye moyo.

Unajua alikuwa ameiweka wapi? Kwenye sefu, pamoja na hati za kiwanja. Tai alipoifungua baada ya msiba akaniletea, "Shangazi, mbona mzee alificha pasi mbovu?" Nikamwambia ni kumbukumbu ya kuanza kwa biashara. Mtoto yule akaipaka rangi ya dhahabu akaiweka mapokezi, wateja waione! Nimepita mbele yake kila asubuhi tangu mwezi wa kwanza. Nadhani hiyo ndiyo iliyonimaliza, pamoja na barua yako.

Juzi, wakati wa chai ya asubuhi, nilimweleza Tai mbele ya mama yake. Tai akasema nimechanganyikiwa. Mjane akanisogezea sukari, nikajua naye alijua. Nikaitoa pasi mapokezi, nikaifunga kwenye foronya, nikaenda mahakamani nayo. Karani akaandika kurasa tano. Nimeifuta saini yangu. Amesema bila saini zetu zote mbili, yangu na ya baba yako, ombi la Tai limekufa na kiwanja kinabaki kama babu yako alivyokiacha. Amesema pia huenda nikaitwa polisi. Nimemwambia wakiniita nitakwenda, wasihangaike kutuma gari.

Kisha nikaenda kwa mke wa Filimbi. Ni bibi sasa, anauza vitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae, akawaita watoto wake wote wawili kutoka dukani, akasema, "Haya, rudia." Nikarudia. Hawakunipigia kelele. Mkubwa aliniuliza kama baba yake alikuwa akipiga mluzi siku ile. Nikasema ndiyo, na kwamba alikuwa hajui kupiga. Wakaniacha niende, na sikuomba zaidi ya hapo.

Tai amenitoa nyumbani. Nimepanga chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta. Usinihurumie. Nalala kama gunia. Jana niliamka saa tatu asubuhi, sikumbuki lini mara ya mwisho.

Msomee baba yako. Sina uso wa kumwandikia mwenyewe.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, na salamu zangu zinaishia hapo kwa sababu mkono una haraka.

Dereva wako ni mtu wa kiapo. Alinikuta kazini Alhamisi saa nne asubuhi, nikaisoma barua nimeegemea boila yangu mwenyewe. Nikamwachia mwenzangu zamu nikaenda nyumbani na ovaroli, watu barabarani wakinipisha.

Sitakudanganya. Njia nzima nilikukasirikia. Huenda Mama amekufa akiamini ni yeye aliyemchelewesha mtu kazini. Hasira hiyo bado ninayo. Nadhani itaisha, lakini si wiki hii. Sasa nikuambie mengine.

Baba alikuwa kwenye banda la miche. Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye kioo cha maji akaniinulia mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Mara ya tatu akakaa juu ya mfuko wa mbolea. "Kwa hiyo maji yalikuwepo," akasema. Nikamwambia yalikuwepo, baba, yalipita nusu. Akasema, "Niliyaangalia. Miaka yote najua niliyaangalia, na miaka yote sijiamini." Kisha akalia. Hata kwenye msiba wa mama sikumwona akilia. Alilia vibaya, kwa kukohoa, akapenga kamasi kwenye shati la kazi, na alipoona nimekodoa macho akaanza kucheka. Mjukuu wako alikuja kuchungulia, akatuona wote wawili tumelowa machozi tunacheka juu ya mfuko wa mbolea, akaenda kumwambia jirani.

Baadaye ndipo akamkumbuka Bwana Mkubwa. Aliyoyasema siyaandiki, mwenyewe umelelewa naye, unaweza kuyakisia. Nikampa ile karatasi. Akaichana vipande vinne, akavitazama, akaona bado ni vikubwa, akaendelea.

Ijumaa mwenyekiti wa mtaa alikuja na muhuri wake, akakuta hakuna cha kugonga. Baba akampa mche wa mlimau.

Kuhusu kiwanja anasema wewe na yeye ni wengi kuliko Tai. Hamtagawana hata tofali moja kabla ya watoto wa Filimbi kuitwa mezani na kusema wanachotaka. Tai alipopiga simu baba alimjibu hivyohivyo, kwa upole, na alipoitwa "baba mdogo" akasema, "Naam, mwanangu," akakata.

Leo asubuhi ameniita, akasema niandike maneno yake bila kuyaremba. Haya hapa:

"Mdogo wangu, ulikuwa na miaka kumi na saba. Ungeniambia siku ile, ningesema niliyetundika pasi ni mimi, wala wasingekugusa. Wangenifunga, na ningelala usingizi. Lawama haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kuamini kwamba nilimwua Filimbi kwa ajili ya msichana, halafu nikamwoa msichana huyo, nikawa nashindwa kufurahi mbele yake. Sasa najua sikumwua. Njoo."

Nilimsomea, akaridhika. Nikamwuliza kama niongeze neno la kusema amekusamehe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akarudi kwenye miche yake.

"Si nimemwambia aje?"

Mwanao